Nimeambiwa nimtumaini Mungu, na meneja anasubiri saini yangu

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka, na kazi yangu ni utunzaji wa stoo katika kampuni ya binafsi. Naandika kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili moyoni.

Mzigo ukifika, mimi ndiye ninayeupokea. Nahesabu, nalinganisha na ankara, nikiridhika nasaini hati ya mapokezi. Kwa saini hiyo wahasibu wanamlipa mzabuni. Miezi michache iliyopita meneja wangu aliniletea hati ya mzigo ambao sikuuona. Alisema umeteremshwa kwenye stoo nyingine, nisaini tu malipo yasichelewe. Nikasaini. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna stoo iliyoupokea. Tangu hapo ameniletea hati nyingine ya namna hiyo hiyo, nami nimekuwa nikimpiga chenga: leo kitabu cha kumbukumbu kimejaa, kesho naumwa kichwa. Sasa amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Hakunifokea wala kunitisha. Alisema tu kwamba mikataba yetu inapitiwa upya mwezi huu, na kwamba wanaotafuta kazi ni wengi.

Katika siku hizi hizi, kanisani kwetu tuko kwenye mfululizo wa mahubiri juu ya kumtumaini Mungu. Ni mahubiri mazuri, Mchungaji, nisiyaseme vibaya. Jumapili nalia, nainua mikono, natoka nimejaa nguvu. Jumatatu asubuhi nikimwona meneja anakuja upande wa stoo, tumbo linanikata na maneno yote niliyoyasikia yananitoka. Mhubiri mmoja alisema hofu na imani hazikai nyumba moja. Kama ndivyo, basi mimi imani sina, na hizi nyimbo ninazoimba kwaya ni kelele tu.

Mume wangu anafanya vibarua, kuna mwezi anapata na kuna mwezi hapati. Anasema, "Mungu anajua tuna watoto. Wewe huibi, wewe umeamriwa. Saini, halafu tutaomba toba." Si mtu mbaya. Anaogopa. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi yeye anasema nipeleke barua ya kuacha kazi kesho asubuhi, kwa maana nikiufunga mlango wa shetani, Mungu atafungua wake, na kwamba kila siku ninayokaa pale ni siku ya kutokuamini. Ajabu ni kwamba wote wawili wananitajia mstari mmoja, Mithali 3:5.

Nisaidie. Kumtumaini Mungu katika jambo hili ni kufanya nini hasa? Nikikataa kusaini, Mungu atanilinda nisifukuzwe? Na ile hati niliyokwisha kuisaini, niifanyeje? Tafadhali usinijibu kwamba niombe tu. Kuomba naomba kila siku.

Wako,
Mtunza Stoo

*

Dada yangu mpendwa,

Amina, asifiwe milele.

Naanza na jibu lenyewe, kwa sababu mwisho wa mwezi uko karibu. Hati ya mzigo usiouona usiisaini. Na barua ya kuacha kazi kesho asubuhi usiipeleke. Mume wako na dada yako wa maombi wanaonekana kupingana, lakini kwa macho yangu wote wawili wanakuondoa mahali pale pale ambapo imani yako inatakiwa isimame: hapo kwenye meza yako ya kazi, ukiwa bado mtunza stoo, ukikataa kuandika uongo.

Nitarudi kwa meneja. Kwanza hilo neno la hofu na imani kutokukaa nyumba moja, maana naona limekujeruhi kuliko meneja mwenyewe.

Fungua Zaburi ya 56. Kichwa chake kinasema ni ya wakati Wafilisti walipomkamata Daudi huko Gathi. Mle ndani anasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hakusema siku hofu itakapokwisha. Hofu ilikuwepo, maadui walikuwepo, na kumtumaini Mungu kukaanzia humo humo. Nenda Marko 14 umwone Bwana wetu kule Gethsemane. Mwinjili anaandika wazi kwamba alifadhaika sana na kuhangaika, na aliomba kikombe kile kimwondokee, akarudia tena kuomba neno lile lile. Nani kati yetu atasema usiku ule Yesu hakumtumaini Baba yake? Kwa hiyo tumbo linapokukata Jumatatu asubuhi, usilichukue kuwa ushahidi kwamba ibada ya Jumapili ilikuwa bure. Mwili wako umeiona hatari, na hatari ipo kweli. Kumtumaini Mungu kutaonekana katika kile utakachofanya na kalamu hiyo huku tumbo likiendelea kukukata.

Naomba hili ulishike, kwa kuwa nawaona waumini wengi wanaolala macho wakipima imani yao kwa mapigo ya moyo. Wanasubiri watulie ndipo watii. Utulivu mara nyingi huja baadaye, na siku nyingine hauji kabisa mpaka jambo lenyewe limepita.

Sasa Mithali 3:5. "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Mume wako anausoma kama ruhusa ya kutokufikiri juu ya dhambi, na dada yako anausoma kama ruhusa ya kutokufikiri juu ya kesho. Mstari huo haujakaa peke yake. Endelea kusoma sura yote. Mstari wa 9 unaingia kwenye mali. Mstari wa 27 na wa 28 unakuambia usimnyime mtu haki yake iliyo mkononi mwako, wala usimwambie jirani aende arudi kesho ilhali anachodai unacho leo. Yaani sura inayotuanzishia na moyo wote inatufikisha kwenye malipo, madeni na ujirani. Aliyeiandika hakuona kwamba amebadilisha somo, na mimi natamani mahubiri yetu ya kumtumaini Mungu nayo yafike huko, kwenye ankara na hati za mapokezi, kwa sababu watu wa Mungu wanashinda huko siku zote sita. Na kitabu hicho hicho, sura ya 15 mstari wa 22, kinasema pasipo mashauri makusudi hubatilika. Mwandishi aliyetukataza kuzitegemea akili zetu hakutukataza kuzitumia.

Nizungumze na mume wako kidogo, kwa heshima, maana naamini utamsomea.

Ndugu yangu, unasema mke wako haibi, ameamriwa tu. Tazama saini ile inasema nini. Inasema: mimi nimeuona mzigo huu, nimeuhesabu, uko ndani. Huo ni ushuhuda, na amri ya kutomshuhudia jirani uongo iko katika zile kumi, Kutoka 20:16. Meneja anahitaji mkono wa mke wako kwa sababu hataki kutumia wake. Na kwenye karatasi litabaki jina la mke wako. Siku wakaguzi wakiifungua leja, hakuna mstari utakaoonyesha kwamba aliamriwa. Ukiwaza watoto, na najua unawawaza, basi wawaze pia siku hiyo. Tena hii toba iliyopangwa kabla ya kosa, Paulo aliikataa waziwazi katika Warumi 6 alipouliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi. Jibu lake lilikuwa hasha. Na hati hii haitakuwa ya mwisho. Ya kwanza ndiyo iliyoileta ya pili.

Baada ya hayo, usiache kumheshimu mtu huyu kwa hofu yake, dada yangu. Mwanamume asiyejua mwezi ujao atapata nini, akisikia mshahara wa uhakika nyumbani unataka kuondoka, hutetemeka. Mwambie kwamba na wewe unaogopa. Huenda anadhani wewe na kanisa lako hamuogopi kitu, na kwamba yeye ndiye peke yake anayehesabu siku za mwezi.

Dada wa maombi yeye nina neno moja kwake. Katika Mathayo 4 Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe, na alikuwa na andiko mkononi, Zaburi ya 91, kwamba malaika watamchukua. Zaburi ile ni ya kweli na ni tamu. Yesu aliikubali zaburi na akakataa kuruka, kwa sababu Baba yake hakumwambia aruke. Kuacha kazi ghafla, bila notisi, bila mahali pa kwenda, watoto watatu wakiwa nyumbani, ilhali hakuna aliyekufukuza, kunaweza kuonekana ujasiri wa imani kumbe ni kumjaribu Bwana. Watoza ushuru walipomjia Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, katika Luka 3, mhubiri yule mkali aliyewaita watu wazao wa nyoka hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Aliwarudisha kwenye vituo vyao na amri iliyo wazi. Watu wale walijulikana na kila mtu kwa ulafi wa kazi zao, na bado toba yao ilitakiwa ionekane hapo hapo kazini.

Mtu ninayempenda sana katika jambo hili ni Obadia, yule wa 1 Wafalme 18. Mahubiri mengi humpita haraka kumfuata Eliya mlimani Karmeli. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mwovu, na malkia Yezebeli alikuwa akiwaua manabii wa Bwana. Obadia akawaficha manabii 100 katika mapango, hamsini hamsini, akawalisha. Alifanya hayo akiwa ameajiriwa na nyumba ile ile iliyokuwa ikiwawinda. Na mtu huyu, ambaye Biblia inasema alimcha Bwana sana, Eliya alipomtuma kwa Ahabu aliogopa mno, akalalamika kwamba atauawa. Kisha akaenda. Ukitafuta mtu wa Biblia aliyekuwa na hofu na imani katika chumba kimoja, na mwajiri mbaya juu yake, ni huyo.

Umeniuliza: nikikataa, Mungu atanilinda nisifukuzwe?

Hapa sitakudanganya ili ulale vizuri usiku mmoja. Ahadi hiyo katika Maandiko haipo. Yusufu alikataa kulala na mke wa Potifa, na malipo ya uaminifu wake yakawa gereza. Hata baada ya kumfasiria ndoto mnyweshaji wa Farao na kumwomba amkumbuke, alisahauliwa miaka miwili mizima. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno ambayo ningetamani yawe kwenye kuta za makanisa yetu: "Bali kama si hivyo." Kama hataokoa, bado hatusujudu. Na Waebrania 11, sura ya mashujaa wa imani, inasema katika mstari wa 34 kwamba kwa imani wengine waliokoka na makali ya upanga, na katika mstari wa 37 kwamba wengine waliuawa kwa upanga. Upanga ule ule, na imani ile ile. Mwandishi hakusema wa kundi la pili walikuwa na imani haba.

Kuna andiko jingine ambalo bila shaka umelisikia katika mfululizo huo, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni barua kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Mstari mmoja kabla yake Mungu anawaambia itachukua miaka 70. Na ukirudi nyuma sura moja, yuko nabii Hanania akiwaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Mahubiri ya Hanania yalikuwa matamu kuliko ya Yeremia, na yalikuwa ya uongo. Waliomwamini Yeremia waliambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini na kungoja. Basi ukiambiwa kwamba ukikataa saini hii Mungu lazima akupandishe cheo mwaka huu, mkumbuke Hanania.

Kilichoahidiwa ni hiki, na ona kimewekwa mahali gani. Waebrania 13:5: "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Tunaliimba neno hilo msibani na safarini, kumbe limesemwa katikati ya habari za fedha. Limesemwa kwa ajili ya mtu kama wewe, anayehesabu mshahara utakaokosekana. Ukibaki kazini, yuko nawe. Ukifukuzwa, anatoka nawe getini. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kwa jina lake, na kwa muda wote ambao nimemtumikia sijaona kitu kikubwa kuliko hicho.

Haya, tufike kwa meneja.

Jifunze kwa Danieli, si yule wa tundu la simba, yule kijana wa sura ya 1. Aliazimu moyoni kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Moyoni aliazimu, lakini mdomoni aliomba. Mkuu wa matowashi akamweleza hofu yake: mfalme akiwaona mmekonda, kichwa changu kiko hatarini. Danieli hakumwita mwabudu sanamu. Aliisikia hofu ile, akaenda kwa msimamizi na njia mbadala, kwamba wajaribiwe siku 10 kwa chakula kingine, kisha watazamwe. Alikuwa na msimamo na alikuwa na pendekezo.

Wewe nawe nenda na pendekezo. Usisubiri akuite. Mwendee mwenyewe mkiwa wawili, useme kwa sauti ya kawaida kitu kama hiki: "Meneja, hati hii nitaisaini mara tu mzigo utakapopita mbele yangu, au nitakapoonyeshwa karatasi ya stoo iliyoupokea pamoja na jina la aliyeupokea. Leo sijauona, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba nimeupokea." Ukimaliza, nyamaza. Usimhubirie, usimwite mwizi, usimtajie moto wa milele. Mpe nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika, maana hata yeye yumkini kuna mtu aliye juu yake anayemsukuma. Akikasirika, rudia maneno yale yale bila kuongeza.

Na chenga zile ziache leo. Kichwa ambacho hakikuuma na kitabu ambacho hakikujaa navyo si kweli, dada yangu, na vina hasara nyingine: kila mara vinamwambia meneja kwamba kesho huenda ukakubali. "Hapana" iliyonyooka itakusumbua siku moja. Chenga zinakusumbua kila siku.

Kisha fanya mambo ambayo baadhi ya watu watakuambia ni upungufu wa imani. Andika kwenye daftari lako, nyumbani, tarehe na maneno ya kila alichokuomba, lakini karatasi za kampuni usizitoe nje kwa siri. Soma mkataba wako uone unasema nini juu ya notisi na kuachishwa. Anza kimya kimya kutafuta kazi kwingine, maana hata ukishinda safari hii, kukaa miaka chini ya mtu wa namna hiyo kutakuchosha. Ikifika mahali ambapo kila wiki inadai uongo, basi utaondoka, kwa barua na kwa notisi, ukiwa umefikiri. Katika Nehemia 4:9 waliomwomba Mungu ndio hao hao walioweka walinzi mchana na usiku. Yalikuwa ni mambo mawili ya siku moja, na Nehemia hakuona yanagombana.

Ile hati ya kwanza ndiyo sehemu ngumu zaidi, na nimeona uliitaja mwishoni kwa maneno machache. Uliposaini uliamini neno la mkubwa wako. Ulipojua ukweli ukanyamaza, na kunyamaza huko ni kwako. Mithali 28:13 inasema afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali aziungamaye na kuziacha atapata rehema. Mbele za Mungu ungama leo na uipokee rehema leo, usiifanye ingoje mambo ya ofisini yamalizike. Lakini Zakayo hakuishia kwenye kuungama. Alisimama akataja marejesho, mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Wewe hukula fedha zile, kwa hiyo fedha huna za kurudisha. Ulichokichukua ni ukweli uliotakiwa kuwa kwenye karatasi, na huo ndio utakaourudisha.

Urudishe kwa utaratibu. Kabla hujaandika neno lolote kazini, mtafute wakili au mtu anayezijua sheria za kazi na umweleze yote bila kupunguza, hata yale yanayokuaibisha. Bwana alisema tuwe na busara kama nyoka na wapole kama hua, na aliyasema hayo akiwatuma watu kati ya mbwa-mwitu. Ushauri ukishaupata, peleka taarifa kwa maandishi kwa aliye juu ya meneja au kwa mkaguzi wa ndani: tarehe, namba ya hati, ulichoambiwa, ulichogundua. Mambo tu, bila hukumu juu ya mtu. Ninakupeleka kwa wakili kwanza ili ukweli huo ufike kwenye masikio yanayopaswa kuusikia, na usipotoshwe njiani ukawa kesi yako peke yako. Kwa sababu hiyo hiyo usiusimulie wakati wa shuhuda kanisani, hata roho ikikusukuma. Siku yake itakuja.

Kuhusu maombi, umeniambia nisikujibu uombe tu, na nimekuelewa. Sikuongezei saa za kuomba. Nataka tu ubadili unachoomba. Huenda umekuwa ukiomba meneja ahamishwe, au asahau. Ni ombi halali. Lakini mtazame Paulo mwishoni mwa Waefeso: yuko katika minyororo, anawasihi waumini wamwombee, na hataji minyororo ifunguliwe. Anaomba apewe usemi, afumbue kinywa kwa ujasiri. Omba hilo kila asubuhi unapokaribia lango la kazini, kwa maneno machache. Nehemia naye aliomba kwa Mungu wa mbinguni katikati ya swali la mfalme na jibu lake, na hapo hapakuwa na nafasi hata ya kupiga magoti.

Limebaki jambo moja, na hili si lako peke yako. Yakobo 2 inataja mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," asimpe kitu. Kanisa likikuhubiria mfululizo mzima kwamba umtumaini Mungu, limejiweka rehani. Ukipoteza mshahara kwa sababu ulilitii neno lililohubiriwa pale, mahitaji ya watoto wako yanakuwa habari ya kanisa lote. Katika Matendo 4 hapakuwa na mhitaji miongoni mwao kwa sababu waliokuwa na mashamba na nyumba waliuza na kuleta. Mungu alikuwa akiwatunza, na mikono aliyoitumia ilikuwa ya watu waliokaa nao safu moja ibadani. Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wako au mzee wa kanisa unayemwamini mwenye kifua cha kuhifadhi siri. Mweleze kinachoweza kutokea, umwulize bila aibu: nikifukuzwa kwa hili, mtanisaidiaje mpaka nipate kazi nyingine? Na dada yule wa maombi mwulize vivyo hivyo, kwa upole. Ikiwa alikuwa tayari kukuona umeacha kazi kesho, bila shaka amefikiri watoto watakula nini keshokutwa, na atafurahi kuwa wa kwanza kuchangia.

Usiende peke yako. Mchukue mume wako, hata kama atakaa kimya muda wote. Anahitaji kusikia kwa masikio yake watu wengine wakisema kwamba watabeba pamoja nanyi, kwa maana mpaka sasa anaamini mzigo wote ukianguka utamwangukia yeye. Mwende wiki hii, kabla hujaingia kwa meneja.

Nawaombea nyote wawili, kwa majina ambayo Mungu anayajua.

Ndugu yako katika Kristo,
Mchungaji